Siku 30 za Baraza la Kata

 

Hapa Chamwino, Dodoma, tumo katika msimu ambao mtama na uwele vimekwisha kukatwa, masuke yako kichanjani au yameingia ghalani, na mashambani yamebaki mabua. Kwa aliyepata mavuno ni msimu wa kushukuru. Lakini ni msimu pia ambao simu ya mtendaji wa kata hailali, kwa sababu ng'ombe wanaingia mashambani na si wote wanaoishia kwenye mabua. Wapo wanaoingia kwa jirani aliyechelewa kuvuna. Wapo wanaoingia kwenye mbaazi, kwenye bustani ya nyanya kando ya korongo, kwenye mizabibu ambayo haina habari na msimu wa mabua. Kijana mchungaji anapigwa, ng'ombe wanazuiliwa, faini inatajwa bila kuandikwa popote, na jioni wanaume wanakutana wakiwa na fimbo.

Leo nataka tuzungumze jinsi ya kukaa na mtu mliyegombana naye mpaka mpate jambo la kuandika na kutia saini. Sizungumzii kusameheana. Kusameheana ni jambo la moyo, na kila mtu ana wakati wake. Nazungumzia makubaliano yanayoweza kusimama hata kama moyoni bado kuna uchungu.

Mwaka 2021 Bunge letu lilibadilisha sheria ya utatuzi wa migogoro ya ardhi ya mwaka 2002. Kabla ya hapo Baraza la Kata lilisikiliza shauri la ardhi na kutoa hukumu. Sasa halihukumu tena. Limeachiwa kazi ya kusuluhisha. Mtu mwenye shauri la umiliki wa ardhi hawezi kulifikisha kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana. Na kama siku 30 zimepita tangu shauri lifunguliwe bila suluhu kupatikana, anaruhusiwa kwenda bila cheti.

Wapo waliosema baraza limeng'olewa meno. Mimi nasema limepewa kazi ngumu kuliko ile ya kwanza. Kuhukumu ni kuchagua upande. Kusuluhisha kunataka uwajue watu wote wawili, na ulijue shamba, na uijue njia ya maji. Lakini tunazitumiaje hizo siku 30? Katika kata nyingi kikao kinakuwa hivi: mlalamikaji anaingia, mlalamikiwa anaingia, mwenyekiti anauliza, "Mko tayari kupatana?" Huyu anasema hapana, yule anasema hapana. Basi, kinaandikwa cheti. Siku 30 zimekwisha katika robo saa, na watu wawili wa kijiji kimoja wanaanza safari ya kwenda wilayani, nauli juu ya nauli, ahirisho juu ya ahirisho, na ng'ombe waliokuwa wanagombewa wameuzwa kulipia gharama.

Hasara hiyo ni ndogo ukilinganisha na nyingine. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hawakuuawa na ugomvi wa siku moja. Nyuma yao kulikuwa na malalamiko mengi ya mifugo kula mazao na mifugo kukamatwa, kila moja likiachwa bila kumalizwa, likalaliwa, likaamkiwa na lingine. Kilosa iko mkoa jirani. Tusijifanye ni mbali.

Sasa tuchukue mfano, tukae nao. Mama mmoja ana ekari 3 za mtama. Jirani yake, mzee wa makamo, ana ng'ombe 60. Usiku mmoja ng'ombe wameingia, na ekari moja imekwisha. Mama anafika barazani anasema, "Nataka nilipwe shamba zima, na huyu ahame hapa." Mzee anajibu, "Hapo ng'ombe wanapita tangu enzi za baba yangu. Mama ndiye aliyelima njia." Ukiwasikiliza kwa maneno hayo tu, hakuna pa kushika. Mmoja lazima ashinde na mwingine ashindwe, na atakayeshindwa atasubiri msimu ujao alipe kisasi.

Baraza lenye busara halibishani na maneno hayo. Linauliza kitu kingine. Mzee, ng'ombe walikuwa wanakwenda wapi? Lamboni, kunywa. Zamani walipita wapi? Upande wa mashariki, kwenye miombo. Kwa nini wameacha njia hiyo? Hapo kimya kinaingia, kisha linatoka jambo ambalo halikuwa kwenye malalamiko ya mtu yeyote: ile njia ya mashariki imefungwa. Kuna mtu alinunua shamba kule, akazungushia uzio. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, na hasa Ikulu ilipojengwa upya hapa kwetu Chamwino, ardhi imepanda bei, na mtu akiuza shamba lake haulizwi kama ndani yake kuna mapito ya mifugo. Basi mgogoro wa watu wawili una mtu wa tatu ambaye hajaitwa. Pengine una hata wa nne, maana yuko kiongozi aliyeshuhudia mauziano yale.

Endelea kuuliza. Mama, ukilipwa leo, utakuwa umetulia? Hapana, kwa sababu mwakani wataingia tena. Kwa hiyo hofu yake kubwa ni ya mwakani. Leo anahitaji chakula cha kumfikisha mavuno yajayo, na anahitaji uhakika. Mzee naye anahitaji nini? Anahitaji ng'ombe wafike kwenye maji kuanzia Agosti mpaka mvua za Desemba, basi. Shamba la mama halihitaji.

Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kuzaa. Afisa ugani anakwenda shambani kabla mabua hayajakauka, anakadiria kilichopotea, na mzee analipa kwa magunia ya mtama badala ya fedha ambazo hana mkononi. Halmashauri ya kijiji inamwita mwenye uzio, inazungumza naye kuhusu kufungua mapito, na mipaka ya mapito inapandwa minyaa ili kila mtu aione. Mama, akishamaliza kuvuna, anawaruhusu ng'ombe wa mzee wale mabua yake na walale shambani siku kadhaa, wamwachie samadi. Mzee anatoa jozi ya maksai wamlimie mama kabla ya mvua. Tazameni: wale waliokuja mmoja akidai mwenzake ahame, sasa kila mmoja ana sababu ya kutaka mwenzake abaki. Mambo haya wazee wetu wa Ugogo waliyafahamu vizuri. Ng'ombe na jembe katika nchi hii ya mvua chache vimekuwa vikikaa nyumba moja, mara nyingi kwa mtu yule yule. Mgogo wa kawaida ni mkulima na ni mfugaji. Ndiyo maana nashangaa tunapozungumza habari ya wakulima na wafugaji kana kwamba ni makabila mawili yaliyotoka nchi tofauti.

Wajumbe wa mabaraza, niwaambie yale ambayo nimeona yanasaidia. Tembeeni. Kikao cha kwanza kiwe shambani, si ofisini, kwa sababu mtu akisimama juu ya ardhi yenyewe hupunguza maneno. Mwacheni kila mmoja aseme habari yake mpaka mwisho bila kukatizwa, hata kama mnajua anaongeza chumvi. Kisha zungumzeni na kila upande peke yake, maana kuna jambo ambalo mzee hawezi kulikiri mbele ya vijana wake, na kuna jambo ambalo mama hawezi kulisema mbele ya shemeji yake. Msimalize siku moja. Sheria imewapa siku 30, zitumieni. Na mkipatana, andikeni. Andikeni tarehe ambayo ng'ombe wanaruhusiwa kuingia, andikeni mapito yanaanzia mti gani mpaka kisiki gani, andikeni nini kitafanyika makubaliano yakivunjwa. Kila upande uondoke na nakala, na mkutano mkuu wa kijiji usomewe.

Nakuja kwenye jambo linaloniuma zaidi. Usuluhishi unaweza kuwa njia nzuri sana ya kumdhulumu mnyonge. Mwenye ng'ombe 300 anafika barazani na wajomba zake watatu, mjane anafika peke yake. Anaambiwa, "Mama, sisi ni ndugu, tusipelekane mbali." Anaambiwa mwenye nguvu mpishe. Anatia dole gumba, anarudi nyumbani na madebe mawili ya mtama badala ya magunia 6, na kitabu cha baraza kinaandikwa kwamba suluhu imepatikana. Hiyo si suluhu. Na mjane yule anajua, na watoto wake watajua.

Sheria iliona hatari hii. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na lazima 3 wawe wanawake. Baraza la Kata nalo lina wanawake wasiopungua 3, na kikao cha usuluhishi cha watu 3 lazima kiwe na angalau mwanamke mmoja. Hawakuwekwa pale kwa ajili ya kupika chai ya wajumbe. Mjumbe mwanamke anayekaa kimya mjane anapobanwa amekiacha kiti chake, na mwenyekiti anayemfanya akae kimya amekwenda kinyume na nia ya sheria. Yupo pia mtu wa namna nyingine: mchungaji kijana wa kuajiriwa, labda miaka 14, anayelipwa ndama mmoja kwa mwaka. Ng'ombe wakiingia shambani yeye ndiye anayepigwa, na makubaliano yakiandikwa yeye ndiye wa mwisho kuambiwa. Halafu tunashangaa makubaliano yakivunjika. Mtu anayeshika fimbo porini hajui kilichoandikwa.

Na nisieleweke vibaya. Mahali damu imemwagika, mtu amebakwa au nyumba imechomwa moto, hapo si mahali pa kuelewana kwa mbuzi wawili. Hiyo ni kazi ya polisi na mahakama. Baraza linaloficha jinai kwa jina la amani linajenga Rudewa Mbuyuni nyingine.

Kuna njia nyingine tumewahi kuijaribu hapa hapa wilayani kwetu, nayo ni amri. Vilima vya Mvumi vilikuwa vimekwisha kwa mmomonyoko. Makorongo yalikuwa yanameza mashamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ambao ulianza mwaka 1973, ulikuwa umeondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika la Kondoa mwaka 1979. Mwaka 1986 ikawa zamu ya Mvumi. Wenye ng'ombe waliamriwa kuwaondoa. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, na yeyote aliyeyaona makorongo yale hawezi kusema ardhi haikuhitaji kupumzika. Lakini ng'ombe hawayeyuki. Walikwenda kwa ndugu, walikwenda kwenye malisho ya watu wengine, na mzigo uliotuliwa Mvumi ukatwishwa vijiji vingine. Huko Kondoa ndiko baadaye, mwaka 1989, ilipoanza kuruhusiwa ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani. Mimi naamini jambo hilo la ng'ombe wa bandani ndilo ambalo wananchi wangelileta wenyewe mezani tangu mwanzo, kama wangeulizwa wanahitaji nini badala ya kuambiwa waondoe nini.

Sasa geukeni muwatazame majirani zetu wa Kiteto, mkoani Manyara. Wilaya ile imeona mambo mazito. Januari 2014 watu waliuawa katika ugomvi wa eneo la Embolei Murtangos, na kati ya waliokuwa wanalima kule wapo waliotoka huku Dodoma. Lakini katika wilaya hiyo hiyo, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikaa chini. Havikugombania mpaka uko wapi. Viliona kwamba mvua hainyeshi kwa kufuata mipaka ya vijiji, na kwamba kila kijiji kikijifungia nyasi zake, vyote vitakosa mwaka ambao mvua imeangukia kwa jirani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu vijiji kufanya makubaliano ya kutumia ardhi kwa pamoja. Wakaitumia. Wakatenga malisho ya pamoja, kila mkutano mkuu wa kijiji ukaridhia, wafugaji wakaunda chama chao na kupata hati za kimila za malisho yale. Eneo wakaliita OLENGAPA, wakichukua herufi kutoka majina ya vijiji vyote vitatu. Haikuwa kazi ya wiki. Iliwachukua miaka, mikutano ikavunjika na kuitishwa tena. Lakini ramani ipo na hati zipo.

Kilichonivutia katika habari ya OLENGAPA ni kwamba mpaka haukufutwa. Kila kijiji kimebaki na ardhi yake. Waliloliondoa ni lile swali la nani atamfukuza nani.

Sasa tutoke vijijini kidogo. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye tangu siku za Operesheni Dodoma ya kuhamia vijiji vya ujamaa alikuwa na makazi hapa Chamwino, uzeeni alibeba mzigo wa kuwasuluhisha Warundi waliokuwa vitani. Mazungumzo ya Arusha yalifunguliwa Juni 1998. Yeye akafariki tarehe 14 Oktoba 1999 kazi haijakwisha, Nelson Mandela akaipokea, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini. Makundi yaliyohusika yalikuwa 19. Ilikuwa kazi kubwa na naiheshimu. Hata hivyo bunduki hazikunyamaza, kwa sababu makundi mawili yaliyokuwa msituni na silaha, CNDD-FDD na FNL, hayakuwa ndani ya mkataba. CNDD-FDD ilikuja kutia saini Novemba 2003, na FNL ikasubiri mpaka Septemba 2006, mara zote mbili jijini Dar es Salaam. Miaka ile ya katikati watu waliendelea kufa. Ndiyo maana nilisema habari ya mwenye uzio na habari ya kijana mchungaji. Kabla hamjakaa, ulizeni nani hayupo, na je, asipokuwepo ataweza kuyavunja haya tunayoyaandika?

Na Kenya, mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, Kofi Annan akiwa na mzee wetu Benjamin Mkapa na mama Graça Machel, waligawa mazungumzo katika ajenda nne. Walianza na kusimamisha mauaji, wakafuata na misaada kwa waliokimbia, kisha madaraka, na ardhi na dhuluma za zamani zikawekwa mwisho. Watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamekwisha kufa, na timu za pande mbili zilikuwa zimekwama kabisa kwenye madaraka. Annan akasimamisha vikao vya timu, Rais Kikwete akafika Nairobi, wakakaa na viongozi wenyewe wa pande hizo, Mwai Kibaki na Raila Odinga, na tarehe 28 Februari mkataba ukapatikana. Mwenyekiti wa baraza anayeona wasemaji wa koo wanashindana kwa ufasaha, naye awaombe watoke nje. Abaki na wale wawili wenye shamba na ng'ombe.

Wasikilizaji, mabua hayatakaa mashambani muda mrefu. Nawaomba viongozi wa vitongoji na vijiji vya Chamwino waitishe mikutano sasa, kabla lambo halijapungua na ng'ombe hawajaanza kutafuta njia ya mkato. Mkubaliane mapito, mkubaliane siku ya kuruhusu mifugo mashambani, mwandike. Mkutano mkuu wa kijiji utakapoletewa majina ya wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji, msiwaridhie kwa sababu ni wajomba zenu. Mwulizeni kila mmoja kama yuko tayari kutembea mpaka shambani. Na wewe mwenye shauri mkononi wiki hii, ukifika barazani usianze kwa kudai cheti. Dai kwanza siku zako 30, na dai zitumike zote.